Ujira wa Mtunza Bustani na Gharama Zilizojificha Udongoni

Mtu aliyekwisha kujenga nyumba yake, akaipaka rangi na kuizungushia ukuta, aghalabu huutazama uwanja uliobaki mbele ya baraza akautamani uwe kijani, na siku hiyohiyo humwita mtu wa kwanza apitaye na jembe begani akamwuliza, "Fundi, hapa utanifanyia kwa shilingi ngapi?" Swali hilo ni la haki, kwa maana hakuna mwenye mali isiyo na kikomo, walakini limekuja kabla ya wakati wake, kwani fundi aliyeulizwa hivyo hana la kufanya ila kuutazama ukuta, gari na viatu vya mwenye nyumba, kisha akakisia. Akija wa pili atakisia vingine, na wa tatu vingine tena, na baina ya bei ya chini na bei ya juu pakawa na tofauti kubwa hata mwenye nyumba akadhani kwamba wote watatu ni walaghai, ilhali yamkini hakuna hata mmoja aliyesema uongo: kila mmoja ametaja thamani ya bustani aliyoiona katika fikira zake, na bustani hizo tatu hazikufanana.

Nia yangu katika makala haya ni kumsaidia mkaazi wa pwani, hasa wa Dar es Salaam na viunga vyake, ajue anachokinunua kabla hajauliza bei yake. Rai yangu, ambayo nitaieleza kwa hesabu na sababu, ni kwamba jembe na mikono havichukui fungu kubwa la fedha ya bustani kama watu wadhanivyo. Fungu kubwa humezwa na udongo, na maji, na miezi inayofuata baada ya mafundi kuondoka. Kwa hiyo mapatano yaliyo bora ni yale yanayomlipa fundi kwa ajili ya mmea ulioshika mizizi, na mapatano yaliyo dhaifu ni yale yanayokwisha jioni ya siku ya kupanda.

Kwanza ijulikane ardhi yenyewe. Pwani yetu ina udongo wa namna nyingi katika masafa madogo: Kigamboni na Kunduchi mara nyingi utakuta mchanga uliolalia mawe ya matumbawe, na ukipanda kuelekea Kimara na Goba utakutana na udongo mwekundu wenye mfinyanzi ndani yake, ambao siku ya mvua ni tope na siku za jua hukauka ukapasuka. Kabla ya kumwita fundi yeyote, chimba mashimo mawili matatu mbalimbali uwanjani, kila moja lenye kina cha dhiraa moja, ulitie maji ndoo nzima. Maji yakizama kabla hujafika na ndoo ya pili, ardhi yako ni mchanga mtupu, na kila shilingi utakayoitumia kwa mbolea itatiririka chini pamoja na mvua ukiwa hukuchanganya mboji na samadi maridhawa. Maji yakilala humo hata asubuhi ya pili, basi una mfinyanzi au ardhi iliyoshindiliwa na magari ya ujenzi, na kazi ya kwanza itakuwa kuitifua na kuifungulia njia ya maji, la sivyo mizizi itaoza. Mashimo hayo hayana gharama, na yatakuonyesha jambo jingine ambalo wengi hugundua wamekwisha kuchelewa, nalo ni kifusi.

Nyumba mpya ina maradhi yake ya peke yake. Waashi huchanganya zege uwanjani, na mabaki ya saruji, kokoto, vipande vya matofali na mifuko mitupu hufukiwa chini ya tabaka jembamba la udongo ili siku ya kukabidhi nyumba mahali paonekane safi. Majani yakipandwa juu ya kifusi hicho hustawi mwezi mmoja kisha hufa kwa mabaka, na iksora, ambayo haipendi chokaa, hugeuka manjano hata ukiimwagia mbolea kila wiki. Fundi mjuzi atagonga ardhi kwa mtaimbo kabla ya kutaja bei. Asiyegonga hajui anachokiuza. Kuondoa kifusi ni kazi ya kuhesabiwa mbali, kwa safari za lori na siku za vibarua, wala isichanganywe na bei ya kupanda, maana hapo ndipo ugomvi unapoanza baada ya jembe kukutana na zege.

Anayefikiri kwamba juhudi peke yake yaweza kuishinda ardhi na ayatazame machimbo ya Bamburi, kaskazini ya Mombasa. Mawe ya chokaa yalichimbwa pale kwa ajili ya kiwanda cha saruji, yakaacha jangwa la matumbawe matupu lenye maji ya chumvi karibu chini yake, na mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo mzaliwa wa Uswisi, akaanza kulirudishia uhai. Alipanda aina 26 za miti, na zilizosalimika zilikuwa tatu tu: mvinje, mnazi, na mti mmoja wa asili ya Somalia uitwao na wataalamu Conocarpus lancifolius. Hata mvinje ulipoota, majani yake yalilala chini bila kuoza, mpaka majongoo yalipoletwa yakayala na kuyageuza kuwa udongo ambao ndani yake miti mingine iliweza kupandwa. Leo mahali pale ni msitu unaojulikana kwa jina lake mwenyewe Haller. Mimi huchukua funzo la gharama katika habari hiyo: ikiwa mtu mwenye elimu, wafanyakazi na kiwanda nyuma yake alipoteza aina 23 katika 26, basi mwenye kiwanja cha matumbawe asikubali kuuziwa miche ya anasa kabla ya kuuliza ni ipi iliyokwisha kustawi kwa jirani yake, katika ardhi ileile na upepo uleule wa bahari.

Baada ya ardhi, wajulikane watu. Jina la fundi bustani hubebwa na watu wa daraja tofauti, na si adili kumdai mmoja maarifa ya mwingine. Yuko kibarua ambaye kazi yake ni kuchimba, kufyeka na kubeba, na hulipwa kwa siku au kwa kipande. Yuko mtunza bustani, anayekuja kila wiki au anayeshinda nyumbani kwako, akapalilia, akapogoa na kumwagilia. Yuko mwenye kitalu, kama wale waliopanga miche yao kando ya barabara ya Bagamoyo, ambaye huuza miche na mara nyingi huja kuipanda. Na yuko msanifu, mtu wa kalamu na kipimo, anayejua mteremko wa maji, mahali pa njia na kimo cha mti baada ya miaka kumi. Uwanja mdogo hauhitaji msanifu. Lakini kiwanja chenye mteremko mkali, au kinachopokea maji ya mvua kutoka kwa majirani wa juu, kitamlipa msanifu huyo mara nyingi, kwa kuwa ukuta mmoja ukianguka kwa maji hugharimu kuliko ramani kumi.

Katika kumchagua fundi, watu huonyeshana bustani zilizopandwa juzi, na bustani ya juzi haina ushahidi wowote ndani yake, kwani hata jani lililokatwa hubaki kijani siku kadhaa likitiwa maji. Mwombe akupeleke mahali alipopanda mwaka jana, uone ni mangapi yaliyosalia, na ikiwezekana uongee na mwenye nyumba kando. Tazama vyombo vyake pia: panga lililonolewa, mkasi usio na kutu, reki yenye meno yote, toroli ambalo gurudumu lake linazunguka, kwani mtu asiyeheshimu vyombo vyake hataiheshimu mizizi yako. Zaidi ya yote sikiliza anayokuuliza. Fundi wa kweli huuliza kabla ya kujibu: jua la alasiri hupiga upande gani, maji ni ya bomba au ya kisima, na kama ni ya kisima yana chumvi kiasi gani, karo la maji machafu limechimbwa wapi, watoto huchezea wapi, mbuzi wa jirani huingia au haingii. Swali la karo peke yake latosha kumpambanua mjuzi na mbahatishaji, maana mfikusi au mkungu uliopandwa karibu na karo au msingi wa nyumba utaufuata unyevu kwa mizizi yake, na gharama ya kubomoa na kujenga upya haitamwangukia yeye.

Sasa tufike kwenye hesabu, na tuchukue uwanja wa mita za mraba 100, yaani hatua kumi ndefu kwa kumi, kwa kuwa ni kipimo chepesi kuzidisha na kugawanya. Ukitaka kutandaza udongo wenye rutuba kwa kina cha sentimita 10 tu, utahitaji mita za ujazo 10, ambazo uzito wake wakaribia tani 15. Kwa lori la tani saba ni safari mbili kamili na masazo. Mwenye kuahidi kwamba safari moja itatosha ana nia ya kukutandazia sentimita tano, na katika mchanga wa pwani sentimita tano zitatoweka kwa msimu mmoja wa mvua. Ongeza samadi iliyooza vizuri, ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita mbili za mraba, ambayo ni ndoo 50; na isisitizwe kwamba iwe imeoza, isiyo na joto ndani wala harufu kali, kwa sababu samadi mbichi huunguza mizizi michanga.

Majani yenyewe huuzwa kwa gunia, kwa kiroba au kwa mita ya mraba, kisha hukatwakatwa vichipukizi vikapandwa kwa nafasi. Hapa mwenye nyumba na fundi wote wawili hukosana bila kujua. Vichipukizi vikipandwa kwa nafasi ya sentimita 30 kila upande, mita moja ya mraba yahitaji kama 11, na uwanja mzima 1,100. Kwa nafasi ya sentimita 20 ni 25 kwa mita, na uwanja mzima 2,500. Kwa nafasi ya sentimita 15 ni kama 44, na uwanja mzima 4,400. Kuipunguza nafasi kwa nusu ni kuzidisha miche na kazi mara nne. Mafundi wawili waliotaja bei mbili zilizoachana sana huenda wakawa wanazungumzia nafasi mbili tofauti, wala hawakuulizwa. Mimi hupendelea nafasi ya sentimita 20: iliyo kubwa kuliko hiyo huacha ardhi wazi kwa miezi mingi, magugu yakapata wasaa wa kuota, na fedha uliyoiokoa katika miche utailipa katika palizi.

Gugu la kuogopwa kuliko yote ni ndago, ambayo vitunguu vyake vidogo husafiri ndani ya udongo ulionunuliwa na samadi uliyoletewa. Ikishatawala, kuing'oa kwa mkono huacha vitunguu chini navyo huchipua upya, na ukaingia katika gharama ya palizi isiyo na mwisho. Dawa yake nafuu ni subira kabla ya kupanda: udongo ukishatandazwa, utiwe maji siku kumi na nne bila kupandwa kitu, ndago na magugu mengine yaote, yachimbuliwe na vitunguu vyake vyote, kisha ndipo majani yapandwe. Fundi anayekimbilia kazi nyingine hatapenda wiki hizo mbili, na kwa hiyo ziandikwe katika mapatano tangu awali.

Kuhusu aina ya majani, nitasema kwa ufupi. Nyasi za Pemba, zenye jani pana, huvumilia kivuli na chumvi ya bahari, na kwa nyumba nyingi za pwani zenye miembe na minazi ndizo zinazofaa. Ukoka ni mwembamba na mzuri, hustahimili ukame na kukanyagwa, ila wataka jua siku nzima na hufifia chini ya mti. Majani ya Kikuyu ambayo hupendeza katika bustani za Nairobi na Arusha asili yake ni nyanda za juu zenye baridi. Joto letu huyachosha, na anayekuuzia hayo hapa pwani amekuuzia mgonjwa.

Maji ndiyo yanayosahauliwa katika kila makadirio niliyopata kuyaona. Uwanja wa mita 100 ukipewa maji ya kina cha milimita tano kwa siku, ambacho ni kiasi cha wastani kwa majani machanga siku za joto, hunywa lita 500, nazo ni ndoo 25 kubwa. Kwa wiki tatu za mwanzo ni lita 10,500, yaani zaidi ya boza moja la lita 10,000. Kwa mwenye bomba la DAWASA hizo ni uniti kumi na nusu, na jambo hilo huvumilika. Kwa mwenye kununua maji kwa boza, gharama yake yaweza kushinda ujira wa aliyepanda. Anayepanda Januari au Februari, kaskazi ikivuma na jua likiwa kali, ajue kwamba ameamua kununua mvua, ilhali anayepanda mwanzoni mwa masika, Machi inapoishia na Aprili kuingia, aghalabu hupewa maji hayo bure kutoka mbinguni. Vuli, toka Oktoba hadi Desemba, nayo hufaa, ingawa ahadi yake si thabiti kama ya masika, na mwaka ikikosa mwenye bustani arudi kwenye mpira wake wa maji.

Kazi ya mikono na ihesabiwe kwa siku za watu, ndipo bei yoyote itakayotajwa iweze kupimwa. Tuseme uwanja wetu utatifuliwa, utasawazishwa, utatandazwa udongo na samadi na kupandwa na watu watatu kwa siku nne. Hizo ni siku kumi na mbili za mtu mmoja. Na tuchukue, kwa mfano tu, kwamba ujira wa siku mtaani kwako ni shilingi 15,000. Kazi yote ni shilingi 180,000. Weka bei za mtaa wako mahali pa hizo zangu, kisha ulinganishe na malori yako, ndoo 50 za samadi, magunia ya majani na maji ya wiki tatu, utaona mwenyewe jinsi ujira ulivyo fungu dogo katika jumla. Kwa sababu hiyo nasikitika ninapomwona mwenye nyumba akimbana kibarua apunguze elfu mbili katika ujira wa siku, na saa ileile akipokea lori la udongo bila hata kupanda juu kuangalia kama limejaa. Kubana pale kunamdhulumu maskini, na kulegea hapa kunampa tajiri asichostahiki. Mwenye insafu na mwenye akili ya fedha wangefanya kinyume chake.

Kadhalika usimkabidhi fundi fedha zote za vifaa kwa jumla. Nenda naye kitaluni au machimboni, bei itajwe mbele yenu wote wawili, wewe umlipe muuzaji, na fundi alipwe waziwazi kwa kazi ya kuchagua na kusimamia. Wengine huona haya kumlipa mtu kwa ajili ya kuchagua tu, wakapenda aweke faida yake ndani ya bei ya miche wasiione. Lakini faida isiyoonekana haina kipimo, na humzoesha mtu mwaminifu tabia ambayo hakuja nayo. Katika kuchagua miche, mche mdogo wenye shina imara na mizizi isiyojiviringa ndani ya kiriba huufikia mche mkubwa katika muda mfupi, nao hugharimu kidogo. Geuza kiriba utazame chini: mizizi iliyotoboa na kuzama katika ardhi ya kitalu itakatwa wakati wa kung'olewa, na mche utapata mshtuko.

Mapatano na yaandikwe, hata kama ni katika ukurasa mmoja wa daftari la mtoto wa shule, nanyi nyote mtie sahihi. Itajwe ardhi iliyopimwa kwa mita, kina cha udongo, nafasi ya vichipukizi, aina na idadi ya miche, nani aletaye vyombo, nani aondoaye taka na kuzipeleka wapi. Arabuni isizidi theluthi ya ujira; theluthi ya pili ilipwe kazi ya kupanda ikikwisha; na theluthi ya mwisho ibaki mpaka miezi miwili ipite, fundi akiwa amerudi kila wiki kutazama, kurudishia palipokufa na kung'oa magugu. Sharti hilo la mwisho linamlinda mwenye nyumba, lakini haliwi la haki isipokuwa naye ameandika wajibu wake kando ya ule wa fundi: kwamba maji yatakuwapo, kwamba mbwa na magari hayatapita juu ya majani machanga, na kwamba asipomwagilia siku alizoahidi, kifo cha majani ni juu yake na theluthi ya fundi italipwa kamili. Nimewaona watu waliosafiri wiki mbili wakafunga koki, kisha wakarudi na kumnyima fundi haki yake kwa hoja kwamba bustani imekufa. Hiyo ni dhuluma, hata kama hakuna mahakama itakayoisikia.

Kutunza ni jambo jingine na kupanda. Neno kutunza likiachwa bila kufafanuliwa, mwenye nyumba hudhani limeingiza kukata majani, kupogoa uzio, kutia mbolea, kufagia na kuua wadudu, na fundi hudhani limeingiza kukata majani tu. Uwanja wa mita 100 katika masika hutaka kukatwa kila wiki, na katika kipupwe cha Juni hadi Agosti mara mbili kwa mwezi hutosha; basi ujira wa mwezi usiwe mmoja mwaka mzima bila kufikiriwa, au ukiwa mmoja, siku za kipupwe zitengwe kwa kazi za kupogoa, kutengeneza mboji na kutia udongo mahali palipobonyea. Mashine ya kukatia ikiwa yako, wewe utie mafuta na unoe kisu chake. Ikiwa yake, bei yake iwe kubwa, kwa sababu anaikodisha pamoja na mikono yake.

Ama mwenye kumwajiri mtunza bustani wa kudumu, ajue kwamba ameingia katika himaya ya sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 katika Tanzania imeweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa wiki na tisa kwa siku, na likizo yenye malipo ya siku 28 kwa mwaka, na serikali hutangaza kima cha chini cha mshahara ambacho ni wajibu kukiuliza kabla ya kupatana. Fauka ya hayo, aambiwe kazi yake ni ipi. Desturi ya kumfanya mtu mmoja awe mtunza bustani asubuhi, mwosha magari adhuhuri, mtumwa wa sokoni alasiri na mlinzi usiku, kwa mshahara wa kazi moja, ni desturi mbaya, na matokeo yake yaonekana katika bustani kabla hayajaonekana katika uso wake. Mpe buti na glavu, na akinyunyiza dawa ya wadudu awe na barakoa, aende na upande wa upepo, aoge baadaye. Mzee aliyekaa na bustani moja miaka mingi anajua ni pembe gani hutuama maji na mwembe upi huzaa kwa zamu; basi aulizwe na asikilizwe kwa taadhima, "Mzee, hapa wewe waonaje?" kwani maarifa hayo hayanunuliwi kitaluni.

Miti mikubwa ina bei za namna yake. Kukata tawi la mwembe lililoinamia paa huhesabiwa kwa hatari, kwa kimo na kwa kitu kilicho chini yake, na mti uliogusana na nyaya za umeme usipandwe na mtu yeyote mpaka TANESCO wamearifiwa. Hakuna unafuu wa bei unaolingana na uhai wa kijana wa watu. Minazi ina mkwezi wake, ambaye hulipwa kwa mti, naye aombwe asafishe makuti makavu na kuangua nazi zilizokauka kwa safari moja. Kwa vichaka vya harufu, mjasmini, mlangilangi, mkilua, ambavyo nawasihi wajenzi wa leo wasivisahau kwa kupenda miti ya mapambo isiyo na harufu wala kivuli, kupogoa kufanyike maua yakiisha, na anayekuja na panga kabla ya maua azuiwe kwa upole.

Wakati wa kupatana nao una thamani yake. Mvua zikianza kila mtu huyakumbuka majani, vitalu hujaa wanunuzi, malori ya udongo hukwama katika tope, na fundi aliye hodari huwa amekwisha kuchukuliwa na watu sita. Mwite Februari, jua likiwa bado kali na kazi zikiwa chache. Pima naye uwanja kwa utepe, chimbeni mashimo yale ya maji pamoja, kubalianeni bei, na kifusi kiondolewe, udongo uletwe ungali mkavu na mwepesi kubebwa, ndago ipewe wiki zake mbili za kuota na kuchimbuliwa, ili wingu la kwanza la masika litakapofika vichipukizi viwe vimekwisha kukatwa na kulowekwa kivulini, vikingoja kupandwa.